Kwa nini kila kifaa cha upasuaji wa matundu madogo kina somo lake

Mgonjwa aliyetolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo kwa kawaida hubaki na makovu manne, kila moja likiwa na upana wa nusu sentimita hadi sentimita moja na ushei, na mara nyingi hulala hospitali usiku mmoja tu. Kwa njia ya zamani angekuwa na mshono mrefu chini ya mbavu za kulia, maumivu kila anapokohoa, na wiki kadhaa za kutobeba kitu kizito. Nafuu hiyo ina gharama, na anayeilipa ni daktari. Vidole vyake havigusi tena ini wala utumbo. Macho yake hayaangalii tumbo la mgonjwa, yanaangalia runinga iliyo mbele yake. Kila anachokishika anakishika kwa ncha ya fimbo nyembamba ya chuma, inayopita kwenye tundu asiloweza kulisogeza.

Ndiyo maana daktari aliyezoea kisu na mkasi wa kawaida, hata awe hodari kiasi gani, hujikuta ameanza upya. Na ndiyo maana nasema bila kusita kwamba mafunzo ya kupanga vifaa mezani na kuvitaja kimoja kimoja hayatoshi. Majina hukaririwa kwa nusu saa. Kinachochukua miezi ni kuelewa kila kifaa kinaupunguzia mkono nini, kinauongezea nini, na kinaweza kumdhuru mgonjwa kwa njia gani ambayo kifaa kilicho jirani yake hakiwezi.

Ulimwengu ulilijua jambo hili kwa kuumia. Mwaka 1980 Kurt Semm, daktari wa magonjwa ya wanawake huko Kiel, Ujerumani, alitoa kidole tumbo kwa njia ya matundu, na wenzake wengi wakamshutumu. Mwaka 1985 Erich Mühe, Mjerumani mwingine, akatoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo. Miaka miwili baadaye Philippe Mouret akafanya vivyo hivyo Lyon, Ufaransa, na kuanzia hapo upasuaji huu ukaenea kwa kasi kubwa kwa sababu wagonjwa wenyewe waliudai. Madaktari walihudhuria kozi za siku mbili tatu, wakajaribu kwa nguruwe, kisha wakarudi makwao kuanza kazi. Matokeo yake, majeraha ya mrija mkuu wa nyongo, ambayo humwachia mgonjwa matatizo ya miaka mingi, yaliongezeka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1992 jimbo la New York liliweka masharti kwamba daktari afanye kwanza upasuaji huo chini ya uangalizi kabla ya kuachiwa peke yake. Semm, kwa upande wake, alikuwa ameona mapema kwamba mkono unahitaji mahali pa kukosea pasipo na mtu wa kuumia, akatengeneza kisanduku cha kufanyia mazoezi. Visanduku vyote tunavyotumia leo ni vizazi vya wazo lilelile.

Tundu lenyewe

Kabla ya kifaa chochote, mwanafunzi anatakiwa aelewe tundu. Trokari ni bomba fupi lenye valvu linalopitishwa kwenye ukuta wa tumbo, lenye kipenyo cha milimita 5, 10 au 12. Tumbo limejazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, kwa mtu mzima kwa mgandamizo wa milimita 12 hadi 15 za zebaki, ili ukuta wake uinuke na nafasi ya kufanyia kazi ipatikane. Gesi hiyo imechaguliwa kwa kuwa haishiki moto, huyeyuka upesi kwenye damu na hutolewa kwa mapafu. Kupitia bomba hilo huingizwa vifaa vyenye urefu wa sentimita 33 hadi 36 hivi. Kwa wagonjwa wanene sana kuna vya sentimita 45, na kwa watoto wachanga kuna vya milimita 3 tu kwa unene, na vifupi zaidi.

Ukuta wa tumbo unageuka kuwa egemeo, na kifaa kinakuwa wenzo. Mkono ukienda kulia, ncha inaenda kushoto. Mkono ukishuka, ncha inapanda. Nahodha wa jahazi anaijua hali hii: akisukuma kana kulia, chombo kinaelekea kushoto, na baada ya misimu kadhaa baharini mkono wake haufikirii tena. Lakini daktari ana ugumu wa ziada, kwa sababu si kila mwendo unaogeuka. Kusukuma ndani na kuvuta nje hakugeuki. Kuzungusha kifaa kwenye mhimili wake hakugeuki. Kwa hiyo katika miendo minne aliyo nayo, miwili inamtii moja kwa moja na miwili inampinga, na yote hutumika kwa pamoja katika tendo moja dogo kama kuinua ukingo wa utando.

Kuna jambo la hesabu pia ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi. Nusu ya kifaa ikiwa ndani na nusu nje, ncha inasogea sawa na mkono. Sehemu kubwa ikiwa ndani, mwendo mdogo wa mkono unakuwa mkubwa kwenye ncha, na mtetemo wa vidole nao unakua. Sehemu kubwa ikiwa nje, daktari anarusha mikono hewani na ncha haisogei kitu. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa mahali pa kutoboa ni sehemu ya somo la vifaa. Kamera hukaa katikati, vifaa viwili vinakuja kutoka pande zake, na ncha zao zinakutana kwa pembe ya digrii 60 hivi. Pembe ikiwa nyembamba, vifaa vinapigana panga. Ikiwa pana mno, kila tendo linakuwa zito.

Hasara nyingine mbili zinabaki. Picha ya runinga ya kawaida haina kina, hivyo anayeanza hupitiliza shabaha au huishia njiani, mpaka macho yazoee kusoma vivuli, ukubwa wa ncha na mguso wake kwenye nyama. Na hisia ya mguso inafifishwa na msuguano wa valvu ya trokari. Anachodhani ni ugumu wa nyama kinaweza kuwa ni ukavu wa mpira.

Kamera ni kifaa, na ni cha kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapokosea zaidi. Katika vyumba vingi vya upasuaji kamera anakabidhiwa mdogo kuliko wote, bila somo lolote, kana kwamba ni kazi ya kushika taa. Kumbe yeye ndiye macho ya kila mtu chumbani. Akiyumba, daktari anayekata naye anayumba.

Laparoskopu ni fimbo yenye lenzi inayofungwa kwenye kichwa cha kamera. Ile ya digrii 0 inatazama mbele moja kwa moja, na mtu huizoea haraka. Ile ya digrii 30 imekatwa lenzi yake kwa mshazari, hivyo inatazama pembeni mwa mhimili wake. Faida yake ni kubwa: unaweza kuona nyuma ya kiungo bila kukisogeza. Ugumu wake ni kwamba kuna vitu viwili vya kuzungusha ambavyo havitakiwi kuzunguka pamoja. Kichwa cha kamera hushikwa wima daima, ili picha isiinamie upande. Waya wa mwanga ndio unaozungushwa, nao unaonyesha lenzi inatazama wapi, kwa kinyume: waya ukiwa juu, lenzi inatazama chini, waya ukiwa kulia, lenzi inatazama kushoto. Mwanafunzi akichanganya hivi viwili, ini linaonekana limelala ubavu, na daktari anayeamini anasogeza mkasi kwenda juu huenda anausogeza kando, kuelekea mshipa.

Zoezi lake ni rahisi. Ndani ya kisanduku hubandikwa namba au herufi kwenye kuta na nyuma ya vijiti, na mwanafunzi anaambiwa azisome kwa mpangilio fulani, kila moja ikiwa katikati ya picha na imesimama wima. Baadaye anamfuata mwenzake anayesogeza koleo, akiliweka katikati bila kuambiwa. Anafundishwa kusogea karibu wakati wa kazi ya uangalifu na kurudi nyuma kila kifaa kipya kinapoingia, ili kionekane tangu kinapotoka kwenye trokari. Anafundishwa kupasha lenzi joto kwa maji ya moto yaliyo safi kabla ya kuingia, maana lenzi baridi ikiingia kwenye tumbo lenye joto hufunikwa na ukungu. Na anaonywa kwamba ncha ya waya wa mwanga ina joto kali. Ikiachwa juu ya shuka huku taa inawaka, inaweza kuichoma na kumfikia mgonjwa.

Runinga nayo iwe mbele ya uso wa daktari, chini kidogo ya usawa wa macho, na meza ishushwe kuliko ilivyozoeleka, mpaka mishikio ya vifaa iwe usawa wa viwiko. Vifaa hivi ni virefu na hunyanyua mabega ya mtu bila yeye kujua. Baada ya saa mbili, mabega hayo ndiyo yanayotetemesha ncha.

Mkono wa kushoto

Makoleo ndiyo familia kubwa kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa. Yapo yenye mdomo mrefu na mistari myepesi, kwa ajili ya utumbo. Yapo yenye meno makali, kwa ajili ya kitu kitakachotolewa mwilini, kama mfuko wa nyongo wenyewe. Lipo la Babcock, lenye mdomo uliopinda ukaacha uwazi, linalozunguka kidole tumbo au mrija wa uzazi bila kuubana. Na lipo la Maryland, jembamba na lililopinda ncha, ambalo kazi yake hasa ni kutenganisha tabaka kwa kufungua mdomo polepole. Anayeshika utumbo kwa Maryland kwa sababu ndilo lililokuwa mkononi amefanya kosa ambalo huenda lisionekane siku hiyo. Tundu dogo kwenye utumbo hujionyesha siku chache baadaye, kwa homa na tumbo gumu.

Mishikio nayo inatofautiana. Mingine ina meno ya kujifunga: ukibana, mdomo unabaki umebana hata ukiachia mkono. Hiyo inafaa kwa msaidizi anayeinua mfuko wa nyongo kwa muda mrefu. Mingine haina, na hiyo ndiyo ya kushikia utumbo, kwa kuwa kidole lazima kiendelee kuhisi na kurekebisha nguvu. Jambo moja huwashangaza wanafunzi: kushika nyama kidogo sana kwa hofu ya kuumiza huumiza zaidi. Nguvu ileile ikikusanywa mahali padogo inakata, ikisambazwa kwenye mdomo mzima inashika tu.

Zoezi la kawaida la makoleo ni la kuhamisha vipande vya mpira. Limo katika mtihani wa misingi ya upasuaji huu unaojulikana kwa kifupi FLS, uliotokana na kazi ya Gerald Fried na wenzake katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, na kuanza kutolewa Marekani mwaka 2004. Vipande sita vinachukuliwa kutoka kwenye vijiti kwa koleo moja, vinapokezwa hewani kwa koleo la pili, vinawekwa upande wa pili, kisha vyote vinarudishwa kwa mpangilio wa kinyume. Wakufunzi wengi hutumia sekunde 48 kama kiwango cha umahiri. Anayeanza mara nyingi hutumia dakika kadhaa, na vipande viwili vitatu vimeanguka.

Thamani ya zoezi hili iko kwenye kupokezana. Linaulazimisha mkono wa kushoto, kwa wengi wetu mkono usiofunzwa kitu, uwe mshirika kamili. Katika tumbo la kweli mkono wa kulia unakata, lakini wa kushoto ndio unaoamua kama kuna kitu cha kukata: unavuta, unageuza, unaweka nyama katika mkazo ili tabaka zijionyeshe. Ukitaka kujua mtu amefikia wapi katika mafunzo, tazama mkono wake wa kushoto unafanya nini wakati wa kulia unafanya kazi.

Mkasi unalithibitisha hilo. Zoezi lake ni kukata duara lililochorwa kwenye kipande cha shashi kilichoning'inizwa kwa klipu. Shashi ikilegea, mkasi unaitafuna badala ya kuikata. Mwanafunzi analazimika kubadili mahali anapovuta kila baada ya mikato michache, na kuuzungusha mkasi kwa kidole cha shahada ili mpindo wake ufuate mpindo wa duara. Mkasi wa kukatia nyama usitumike kukatia uzi. Upo wake maalumu, na mkasi uliopoteza makali huvuta nyama kabla ya kuikata.

Vifaa vya joto

Hivi ndivyo vinavyonitia hofu kuliko vyote, kwa sababu kisanduku cha mpira hakiwezi kuvifundisha. Mpira hauvuji damu na hauungui kama nyama. Hapa paja la kuku kutoka sokoni linasaidia zaidi ya mashine ya bei kubwa: mwanafunzi anatenganisha ngozi na msuli kwa ndoano ya umeme, na anaona kwa macho yake moshi, rangi, na umbali ambao joto limesambaa.

Ndoano ya umeme ni waya uliopinda mfano wa herufi L kwenye ncha ya fimbo iliyofunikwa na plastiki. Umeme unatoka kwenye ncha, unapita mwilini, na kurudi kwenye mashine kupitia bamba lililobandikwa, tuseme, kwenye paja la mgonjwa. Mpangilio wa kazi yake ni huu: ingiza ndoano chini ya uzi wa nyama, inua mbali na kilicho chini, angalia kama unaona upande wa pili, na hapo tu ndipo ukanyage pedali. Anayekanyaga kabla ya kuinua anachoma asichokiona. Na anayevuta kwa nguvu huku akichoma, nyama ikikatika ghafla ndoano inaruka mbele ikiwa bado na umeme, hadi kwenye ini au utumbo wa duodeni.

Hatari tatu lazima zifundishwe kwa kuonyeshwa. Ya kwanza ni plastiki iliyochubuka. Umeme unatoka pale penye mchubuko, na pengine mchubuko uko nje ya picha ya kamera, sentimita kumi nyuma ya ncha, umeegemea utumbo. Katika hospitali zetu nyingi kifaa kimoja kinaoshwa na kutumiwa tena kwa miaka, kwa hiyo ukaguzi wa plastiki kabla ya kila upasuaji ni somo la daktari na muuguzi kwa pamoja. Ya pili ni ncha yenye umeme kugusa chuma kingine, koleo au kamera, na umeme kuhamia huko. Ya tatu ni ngumu kuiona: umeme unaweza kujijenga kwenye chuma kilicho jirani hata bila kugusana, hasa pale bomba la chuma linapochanganywa na kishikizo cha plastiki, kwa kuwa plastiki inauzuia umeme huo usitoke taratibu kupitia ukuta wa tumbo. Trokari za aina moja, zote chuma au zote plastiki, hupunguza hatari hiyo.

Vipo vifaa ambavyo umeme wake haupiti mwilini, unabaki kati ya midomo miwili ya koleo. Vile vya kisasa vya aina hiyo vinaweza kuziba mshipa wa damu wenye kipenyo cha hadi milimita 7. Na vipo vya mawimbi ya sauti, ambavyo ulimi mmoja hutetemeka mara 55,500 kwa sekunde na kukata huku ukigandisha damu. Hivi havina umeme wa kukimbia, na wanafunzi huvipenda mno. Somo lake ni moja na ni zito: ulimi ule unabaki na joto la kuunguza kwa sekunde kadhaa baada ya kuachia kitufe. Kuutumia hapohapo kusukumia utumbo kando ni kuuchoma. Ulimi unaotetemeka uelekee juu, uonekane muda wote, na uachwe upoe.

Klipu, stepla na mfuko wa kutolea

Klipu za titani, vibanio vidogo vya kuziba mrija au mshipa, zinafundishika haraka. Ona ncha zote mbili za kifaa zikiwa zimetokeza upande wa pili wa mrija, bana polepole mpaka mwisho, usizungushe. Klipu iliyobanwa nusu huteleza. Stepla inayokata na kushona kwa pamoja inahitaji kuchagua kimo cha pini kulingana na unene wa nyama, kufunga, kusubiri sekunde kadhaa ili nyama itoe maji, kisha kufyatua. Kitanzi chenye fundo lililofungwa tayari, kinachotumika kwenye kidole tumbo, kinakazwa pale penye alama na si karibu nayo. Kiungo kilichotolewa kinaingizwa kwenye mfuko kabla ya kuvutwa nje, ili uchafu au chembe za saratani zisiguse kidonda.

Nina neno moja kuhusu mishikio. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliowauliza wapasuaji 726 kuhusu mikono yao na vifaa vyao. Wanaovaa glavu za namba 6.5 kwenda chini walipata shida zaidi, na stepla ilikuwa miongoni mwa vifaa vilivyowasumbua. Wengi wa wenye mikono midogo ni wanawake. Mkufunzi anayemwambia daktari wa kike akaze mkono wakati kifaa kimetengenezwa kwa kiganja kikubwa anamfundisha kujilaumu. Afadhali amwonyeshe kubana kwa mikono miwili, au ampe mshikio mwingine. Vilevile, dole gumba lisizamishwe kwenye pete ya mshikio. Pete ikikaa kwenye shina la kidole kwa saa nyingi hubana mshipa wa fahamu, na kidole hufa ganzi kwa siku kadhaa. Pete ikae kwenye ncha.

Sindano na fundo

Kishikio cha sindano ndicho hugawa watu. Sindano iliyopinda haishikwi yenyewe inapopita kwenye trokari: unashika uzi, sentimita mbili au tatu nyuma yake, na sindano inafuata. Ndani, inabidi isimamishwe. Unaiegemeza kwenye koleo la kushoto, unavuta uzi kidogo hadi sindano igeuke, kisha unaibana kwa pembe ya mraba, kwenye theluthi ya nyuma. Hatua hii peke yake huwatoa jasho wanafunzi kuliko mshono wenyewe. Sindano ikishaingia tumboni haipotezwi machoni hata kwa sekunde moja.

Kuna mafundo ya aina mbili. La nje hufungwa kwa vidole, uzi ukiwa mrefu wa kutosha kutoka nje ya trokari, halafu linasukumwa ndani kwa kijiti maalumu. Ni rahisi kulijifunza, lakini uzi mrefu unaopita kwenye nyama laini unaweza kuisaga. La ndani hufungwa kwa vifaa vyenyewe. Uzi uwe mfupi, sentimita 15 hivi, kwa maana uzi mrefu hujaa kwenye picha na kujifunga wenyewe. Unaulaza ufanye umbo la herufi C, unazungusha kifaa mara mbili juu yake kwa kifundo cha kwanza, mara moja kwa cha pili, mara moja kwa cha tatu, ukibadilisha mkono kila mara ili fundo lilale sawa na lisiteleze. Anayefikia sekunde 112 kwenye kisanduku, mshono na fundo pamoja, amefikia kiwango cha umahiri. Ili kufika huko wengi hurudia zoezi hili mara nyingi kuliko mengine yote yakijumlishwa.

Mazoezi yanavyopangwa

Je, kisanduku kinamsaidia mgonjwa kweli? Mwaka 2002 wapasuaji wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha jaribio la madaktari 16 waliokuwa wakisomea ubingwa. Nusu walifanya mazoezi kwenye kompyuta ya kuigiza upasuaji, nusu hawakufanya, kisha wote wakatenganisha mfuko wa nyongo na ini kwa wagonjwa. Waliofanya mazoezi walimaliza haraka zaidi kwa asilimia 29. Wasiofanya walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kutoboa mfuko au kuchoma mahali pasipohusika.

Kompyuta ya namna ile ni ghali, na kwa stadi hizi za msingi haihitajiki. Sanduku la plastiki la kuhifadhia nguo, lililotobolewa matundu na kuzibwa kwa mpira, taa ndogo, simu iliyowekwa juu kama kamera, na makoleo yaliyostaafishwa kutoka chumba cha upasuaji, vinatosha kwa karibu kila zoezi nililolitaja. Mradi wa ALL-SAFE, uliowaunganisha wakufunzi wa Ethiopia, Kameruni na Marekani, umejengwa juu ya visanduku vya namna hii, ukianza na mimba iliyotunga nje ya kizazi, dharura ambayo kila hospitali ya wilaya kwetu inaifahamu.

Kinachohitajika zaidi ni mtu wa kutazama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwahusu wapasuaji 16 wa Botswana. Wote walikuwa na kisanduku na maelekezo. Nane kati yao walikutana kila wiki kwa intaneti na mkufunzi aliyekuwa Toronto, Kanada, aliyeona mikono yao na picha ya ndani ya kisanduku kwa wakati mmoja. Hao wote walifikia alama ya kufaulu. Katika nane waliojifunza peke yao, walioifikia hawakufika nusu. Mkono unaojifunza peke yake hukariri na makosa yake.

Na mazoezi yagawanywe. Toronto hiyohiyo, mwaka 2006, ilionyesha kwamba madaktari waliojifunza kushona mishipa midogo kwa vipindi vinne vilivyotawanywa katika wiki nne walifanya vizuri zaidi mwezi mmoja baadaye kuliko waliomaliza vipindi vilevile kwa siku moja. Kozi zetu nyingi za mwisho wa wiki zimepangwa kinyume na ushahidi huo. Dakika 30 jioni, mara tatu kwa wiki, kwenye chumba kidogo karibu na wodi, zinazidi Jumamosi nzima hotelini. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao makuu Arusha, kinafundisha katika hospitali ambazo mwanafunzi tayari anafanya kazi, kwa hiyo mazingira ya mazoezi ya namna hiyo yapo.

Baada ya kisanduku, chumba cha upasuaji nacho hupandwa kwa ngazi. Kwanza kamera. Halafu koleo la kuinulia mfuko wa nyongo. Halafu kuutenganisha na ini kwa ndoano, mrija na mshipa wake vikiwa vimeshafungwa na kukatwa. Sehemu ya hatari, ile pembetatu iliyo kati ya mfuko, ini na mrija mkuu wa nyongo, huja mwisho. Hapo kuna kanuni iliyowekwa na Steven Strasberg na wenzake mwaka 1995: kabla ya klipu ya kwanza, mafuta yawe yamesafishwa, theluthi ya chini ya mfuko iwe imetengana na ini, na vionekane vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko. Mwanafunzi anasimamisha kazi, kamera inaonyesha mbele na nyuma, na anataja anachokiona mbele ya wote. Asipoviona viwili hivyo kwa uhakika, hafungi kitu. Anaita mkubwa wake, au wanakata sehemu ya mfuko tu, au wanafungua tumbo kwa njia ya zamani. Kwa ajili hiyo, katika kila upasuaji wa matundu madogo, trei ya kisu, mikasi na koleo za kawaida inakuwa imeshatakaswa na kufunikwa pembeni, na mwanafunzi anapimwa uwezo wake wa kuitumia pia.